Chuo kikuu: walimu wangapi wanabaki?

Mtoto wa Musienene akipata diploma ya Serikali, nyumbani ulizo linakuwa moja: atasomea wapi? Kule Butembo kuna Graben (UCG), iliyoanzishwa 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko, kuna UOR, UAC na ISP Muhangi. Beni kuna UCBC. Wazazi wanalinganisha minerivali. Wachache ndio wanauliza: maprofesa wa kudumu ni wangapi?

Orodha ya walimu inaweza kudanganya. Tuseme vyuo viwili, kila kimoja kiko na walimu 40. Kwa kimoja 20 ni wa kudumu, kwa kingine 5 tu. Kwenye karatasi vinafanana. Ila profesa mgeni anafundisha somo lote mbio mbio kwa siku chache, anatoa mtihani, anarudia kwao. Nani atamuongoza mwanafunzi kuandika kazi yake ya mwisho?

Vita imeonyesha hatari hiyo. Kanyabayonga ilianguka mwezi wa 6, 2024, Goma mwezi wa 1, 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Chuo chenye kutegemea wageni wa Goma kinangojea. Chenye walimu wake kinaendelea.

Si kusema mgeni ni mubaya: daktari ao mwanasheria analeta uzoefu wa kazi. Tena, jina moja linaweza kuandikwa kwa vyuo viwili, vitatu. Basi mzazi, mbele ya kulipa, uliza: masaa mangapi ya masomo iko mikononi mwa walimu wa kudumu? Na hao, wanaishi hapa?