MAMBO YA JIKONI: Kababu za Kiswidi kwa Siku ya Karamu

Juma hili twende hadi Uswidi, nchi ya baridi huko kaskazini ya Ulaya. Meza ya Noeli ya watu wa huko hupambwa kwa kababu ndogo za nyama, wenyewe huziita köttbullar. Si chakula cha jana: zimo katika kitabu cha mapishi cha Bibi Cajsa Warg, kilichopigwa chapa mwaka 1755. Huliwa kwa viazi, mchuzi mzito wa malai, na jamu ya matunda madogo ya mwituni yenye uchachu.

Siri yake ni mkate mkavu. Huilainisha nyama, tena huiongeza, hata kidogo kikatosha wengi.

Twaeni nyama ya kusaga kilo 1, chenga za mkate kikombe 1, maziwa kikombe 1, mayai 2, vitunguu 2, chumvi vijiko vidogo 2, na pilipili manga kidogo. Lowekeni chenga katika maziwa kwa dakika 10. Katakateni vitunguu vidogo sana, mvikaange, mviache vipoe. Kisha changanyeni vyote. Kaangeni kababu moja kwanza, muionje. Chumvi ikipungua, bado mna nafasi ya kuongeza. Loweni mikono maji, mfinyange kababu ndogo. Mtapata yapata 60.

Zikaangeni chache chache kwa siagi, mkitikisa kikaango zipate rangi pande zote. Mkizijaza zote pamoja, zitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Pasueni moja: ndani isiwe nyekundu.

Sasa mchuzi. Katika kikaango kile kile tieni siagi vijiko vikubwa 3 na unga wa ngano vijiko 3, mkoroge mpaka unga ugeuke rangi. Mimineni supu ya mifupa vikombe 2, kidogo kidogo, pasiwe na madonge. Punguzeni moto, ndipo mtie malai kikombe 1. Asiye na malai ya dukani achemshe maziwa, ayalaze usiku kucha, asubuhi achote utando wa juu.

Waswidi wengi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, nusu kwa nusu. Hapa nina neno la kuwaambia. Siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu nilifuata desturi hiyo, nikajivuna kwa harufu yake. Mama mmoja jirani yetu, Mwislamu, alikuwa nasi tangu alfajiri akimenya viazi. Wakati wa kupakua nikakumbuka. Nilipomweleza, alitabasamu tu, akasema, "Si neno, mwanangu." Akala viazi vitupu, kwa maana hata mchuzi ulitoka katika kikaango kile kile. Wageni walisifu chakula, nami sikuweza kumtazama usoni.

Tangu siku hiyo napika kwa nyama ya ng'ombe tupu, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa pana upungufu. Basi, kabla ya kuhesabu kilo za nyama, hesabuni kwanza ni nani watakaoketi mezani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.