Gari linayumba? Litafutie hitilafu kama programu

Leo sitaandika kuhusu programu. Au pengine nitaandika, mtaona wenyewe.

Tuna Prado kuukuu la mwaka 1998, linalotupeleka kwa wakwe Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa Lodwar. Enzi za mashimo nani angejua gari lake linayumba? Hakuna aliyeweza kukimbia. Lami ilipokuja ndipo tukajua. Nikifika 80, nyuma kunasogea kando, kisha kunarudi, kama punda anayetaka kumwaga mzigo. Siku moja lori lilitupita kwa kasi, gari likaenda hadi ukingoni mwa lami, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma. Mama watoto hakusema neno hadi tulipofika nyumbani. Ukimya huo ulinitisha kuliko lori.

Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani: ni upepo wa Turkana. Kweli upepo wetu si mchezo, hapo ng'ambo ya ziwa, Marsabit, wamesimamisha mitambo 365 ya kuugeuza umeme. Lakini gari la jirani linapita kwenye upepo huohuo bila kuyumba. Fundi: ni shoki. Akabadilisha zote nne. Pesa zikaenda, gari likaendelea kucheza.

Jamani, kwetu sisi mtu anayebadilisha mistari mitano kwa mkupuo bila kujua hitilafu iko wapi tunamwita mbabaishaji. Kwa nini kwenye magari tunamlipa?

Nikaanza upya, kitu kimoja kimoja, vya bure kwanza. Upepo wa matairi nilipima alfajiri, maana tairi likipata joto kipimo hupanda chenyewe. Ya nyuma yalikuwa chini. Niliyapunguza upepo kwa ajili ya mchanga tulipokwenda Eliye Springs, nikasahau kuyajaza (aibu yangu). Nikajaza, nikaendesha: afadhali, lakini bado. Nikashusha mitungi sita ya maji kutoka kwenye keria, lita 20 kila mmoja, yaani kilo 120 juu ya paa. Afadhali tena, lakini bado.

Mwisho nikalala chini ya gari, kijana mmoja akasukuma bodi kushoto na kulia. Gari hili nyuma lina ekseli moja nzima, na chuma kirefu kilicholazwa kutoka ekseli hadi chesisi ili ekseli isihame kando. Raba ya mwisho mmoja wa chuma hicho ilikuwa imechanika. Bodi ikienda, ekseli inabaki. Raba tu! Bei yake haifiki hata ya shoki moja. Tena shoki kazi yake ni kutuliza springi, haishikilii ekseli isiende kando, hata ziwe mpya zote nne.

Sisemi fundi ni mtu mbaya. Ila sasa kabla sijatoa pesa namwambia anionyeshe kinachocheza, nikione kwa macho yangu. Akishindwa, basi amekisia.

Jumamosi tulikwenda Kakuma, 80 kwa saa, mitungi sakafuni. Watoto walilala kama kawaida. Mama watoto naye akalala.