Gitaa la Fundi Konde Usiku wa Ganze

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi wa Kilifi tumemtunza vipi Fundi Konde?

Majuzi nililala Ganze. Ilipopita saa nne za usiku, watoto wamelala na moto wa jikoni umezimika, mwenyeji wangu alifungulia nyimbo zake. Ni mkusanyo uitwao Retrospective, wa nyimbo zilizorekodiwa baina ya 1947 na 1956. Sauti ya upole, gitaa, na mwenzake wa kumwitikia. Hakuna kelele. Wamarekani Weusi wana bluzi zao, mtu na gitaa lake akisimulia mapenzi na taabu za dunia. Usiku ule niliona kuwa sisi nasi tunaye wetu. "Tausi Ndege Wangu" na "Majengo Siendi Tena" zilichezwa dansi, lakini utamu wake kamili humjia mtu aliyetulia, usiku wa manane.

"Mwanangu, huyu ni Mgiriama mwenzetu," mzee mmoja aliniambia. Vijana wawili waliokuwapo wakatazamana. Walikuwa hawajui!

Nao si wa kulaumiwa, kwani nani aliwaambia? Fundi Konde alizaliwa 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki hata Burma. Aliporudi akawa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya. Hata hivyo, mkusanyo huo ulitolewa London, mwaka 1994, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 70. Waliofanya kazi hiyo nawashukuru. Aibu ni yetu tuliongoja wageni watufanyie.

Kazi bado ipo. Sahani za santuri za siku zile ni nyepesi kuvunjika. Ikianguka moja, huenda wimbo umekwenda nayo. Mwenye nazo sandukuni asizitupe, azitoe zinakiliwe. Redio zetu za Pwani zimtengee japo nusu saa ya usiku, na mtangazaji ataje jina lake na kwao. Walimu nao wawaambie watoto.

Fundi Konde alifariki mwaka 2000, na yeye mwenyewe hatuwezi kumtunza tena. Sauti yake twaweza, tukianza leo.