Msiba hauna njia iliyonyooka

Jumapili moja ya likizo, baada ya Misa ya pili, niliwakuta vijana watatu wa parokia kwenye kibaraza cha nyumba moja Maili Moja, Kibaha. Walikuwa wakipokezana Nintendo Switch, kifaa cha gemu cha kushika mkononi, kilicholetwa na mjomba wa mmoja wao kutoka ng'ambo. Nilidhani wanabishana kuhusu mpira. Kumbe walikuwa wanabishana kuhusu msiba.

Gemu yenyewe inaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka tarehe 23 Aprili 2024, na aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kupatana naye: nikikuletea roho kuu tatu, unirudishie baba yangu. Mchezaji anaruka kutoka mwamba hadi mwamba, anapigana, na mara nyingine anarudi alikopita, kwa sababu njia iliyomshinda mwanzoni inapitika akishapata uwezo mpya, kama ule wa kugandisha maji. Ukitaka, wahusika watazungumza nawe kwa Kiswahili.

Wawili kati yao walikuwa na maoni ambayo wachezaji wengi duniani wameyatoa pia. Mmoja alisema gemu ni fupi na njia imenyooka mno; ramani inakuahidi kuzunguka, lakini unasukumwa mbele tu. Mwingine akamjibu kwamba hadithi inagusa moyo, na kusikia Kiswahili ndani ya gemu ni kama kusikia watu wa nyumbani. Wa tatu alikuwa kimya. Nilipomuuliza, alisema: "Frateri, mimi napenda ile mibuyu."

Katika gemu hiyo, Zau huketi chini ya mbuyu na kuzungumza na Kalunga kuhusu yanayomsumbua moyoni, na uhai wake huongezeka.

Baba wa kijana huyo tulimzika Kisarawe miezi michache kabla. Nilikuwepo. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, maturubai yakakunjwa, ndugu wakapanda magari kurudi Kibaha na Dar es Salaam. Kijana akaambiwa ajikaze, maana sasa yeye ndiye mwanaume wa nyumba. Usiku ule alipochukua simu na kuanza kucheza gemu, mama mmoja alimsema kwamba hana uchungu na baba yake. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Sasa naona yule wa kwanza alikuwa na haki kuliko alivyodhani. Gemu inayohusu msiba haipaswi kumsukuma mtu mbele tu, maana mfiwa haendi hivyo. Anarudi. Anarudi siku ya matokeo ya mtihani, siku ya harusi ya dada yake, siku anayopita mtu barabarani mwenye shati kama la marehemu. Anarudi palepale palipomshinda, na akijaliwa, anarudi na nguvu zilizoongezeka kidogo.

Lakini kabla hatujawalaumu watengenezaji, tujitazame. Sisi tulimpa kijana wetu njia iliyonyooka zaidi ya hiyo: Misa, kaburi, siku tatu, jikaze.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anataja tiba za huzuni: jambo la kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Wengi hucheka wakifika kwenye kuoga. Mimi siku hizi nacheka kidogo, kwa sababu naona "jikaze" haimo katika orodha hiyo. Machozi yamo. Na furaha ndogo imo, kwa hiyo hata gemu ya kijana usiku wa msiba ina nafasi yake.

Wapo waumini watakaouliza: mganga na mizimu ni mambo ya Mkristo kweli? Swali ni la haki. Kanisa linakataza kuwaita wafu na kutafuta nguvu za kichawi. Lakini kumtazama Zau akipatana na mauti si kupatana nayo, kama vile kusoma habari za Sauli na yule mwanamke wa Endori si kuagua. Kinachonitisha mimi ni kingine. Anayemsikiliza Zau chini ya mbuyu ni mauti yenyewe. Kijana wetu alimpenda msikilizaji huyo kwa sababu sisi tulikuwa tumeshaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda naye Kisarawe, kaburini kwa baba yake. Tulisali, kisha tukakaa. Alizungumza kuhusu mzee, akalia, na safari hii sikumwambia anyamaze.

Jumuiya zetu ndogo ndogo zinajua sana kuzika. Chakula hupatikana, nyimbo huimbwa, mchango hutimia. Naomba tuongeze jambo moja lisilo na gharama: arobaini ikishapita, mtu mmoja arudi kwa mfiwa. Asiende na hotuba. Aketi, amwache aseme. Na akimkuta kijana na gemu mkononi, amuulize inahusu nini.