Nyumba ya Picha si ya Watalii Tu

Mwezi huu tunawapeleka mahali ambapo wengi wetu hupita nje tu, tukidhani ni pa watalii na wenye fedha: nyumba ya picha.

Tulikwenda sita wa kikundi chetu cha akina mama, jioni baada ya kazi, kwenye duka dogo la picha hapa Dar es Salaam. Mwenyewe ni mama wa makamo. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi, wala hakutuuliza kama tutanunua.

Picha nyingi zilikuwa za Tingatinga. Mama huyo alitusimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Mkewe, Agatha, ndiye aliyekuwa akiziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

"Asingekuwapo mwanamke wa kukaa na picha zile juani, nani angeziona?" alituuliza mwenyeji wetu.

Kisha akatufunulia daftari lake. Kila anayeleta picha huandikwa jina lake, bei waliyopatana, na sehemu itakayobaki dukani. Mteja akitaka kupunguziwa chini ya hapo, mchoraji huulizwa kwanza. Picha isiponunuliwa, mwenyewe huichukua.

Mwenzetu mmoja akapata ujasiri wa kutoa la moyoni. Kijana wake wa darasa la saba hujaza michoro katika daftari la hesabu, na baba yake ameapa kuyachoma yote. Tulidhani mama wa picha atamsifu mtoto. Badala yake alisema, "Hesabu asiache. Mchoraji asiyejua hesabu huibiwa mchana kweupe. Mlete Jumamosi, na baba yake aje pia."

Baba alikwenda shingo upande. Alipoonyeshwa lile daftari, akaona majina ya wanaume wenye familia wanaosomesha watoto kwa brashi, alinyamaza. Sasa wamepatana: siku za juma ni masomo, Jumamosi ni rangi. Hatujui kijana atakuwa nani, lakini nyumbani kwao kelele zimepungua.

Sisi wauguzi nasi hatukukosa la kusema, maana nyuma ya duka vijana walikuwa wakichora chumbani, dirisha limefungwa. Kama kwako kuna mchoraji au fundi rangi, zingatia haya:

1. Fungua madirisha na milango. Harufu kali ya rangi huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoto mchanga asilale humo.

2. Rangi na tina ya kuizimulia vikae mbali na jiko. Hushika moto upesi.

3. Usitie tina wala mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni ni hatari zaidi. Mkimbize hospitali mara moja, na chupa uichukue.

Mama wa picha alifungua dirisha tukiwa bado tumesimama pale.

Mama mpendwa, kama mtaani kwako kuna nyumba ya namna hii, ingia na wanao. Kutazama hakulipiwi dukani. Uliza aliyechora ni nani, na ukijaliwa kununua, usishindane bei mpaka jasho la mtu likawa bure. Tukutane mwezi ujao.