"Si imechapwa?"

Mitihani imekaribia, lakini kuna jambo la vipeperushi linanikera, wacha niseme.

Ukishuka basi Makambako, kabla hujapata gari la Njombe tayari una karatasi mbili tatu mkononi: chuo, mkopo, mbegu, mganga wa tiba asili. Wengine wanazitupa hapo hapo. Kwetu vijijini hazitupwi. Zinakunjwa vizuri, zinafika nyumbani, zinasomwa kwa sauti usiku.

Kwa nini tunaziamini hivyo? Mimi naona ni historia. Kwa miaka mingi karatasi iliyochapwa ilikuwa ya misheni au ya serikali, mara chache sana ya muuzaji. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikaa vikundi vikundi, redio mbele, kijitabu mkononi, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Karatasi ikisema fanya, unafanya, na faida unaiona. Matangazo ya biashara hayakuwa na kazi kubwa. Utatangaza nini wakati sabuni na sukari watu wanazipangia foleni?

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wauzaji nao wakaanza kuchapisha. Baadaye zikaja kampuni za simu, vyuo binafsi, wakopeshaji. Karatasi ni ile ile ila anayesema siyo yule wa zamani, na wazee wetu hakuna aliyewaambia.

Baba yangu mdogo kule Njombe aliuza viazi vya msimu mzima ili binti yake aende chuo fulani (jina nakaa nalo). Kwenye kipeperushi kulikuwa na picha ya maabara na wanafunzi wenye makoti meupe. Kufika huko, vyumba viwili vya kupanga, maabara hakuna. Ada haikurudi. Nilipomuuliza alikiaminije, akanijibu, "Mwanangu, si imechapwa?"

Kuna watakaosema mzee ni mshamba. Nakataa kabisa. Alifanya kile ambacho karatasi zilimfundisha tangu utoto. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kuwadanganya wateja, sawa, lakini mkulima wa viazi ataanzia wapi?

Ombi langu kwa halmashauri: orodha ya vyuo vilivyosajiliwa NACTVET ichapwe kwa herufi kubwa, ibandikwe stendi za Makambako na Njombe. Wazee wanaamini karatasi, basi wapewe ya kweli.

Na sisi tulioko chuo, tukirudi likizo tusikae tu na simu. Karatasi ikiletwa sebuleni tuisome pamoja nao, tuulize: nani kaichapa, na anapata nini?

Haya, narudi kwenye madesa. Mbaki salama.