Mapenzi ya kutisha si mageni Usambara

Kuna mwandishi anayetaka riwaya ya Twilight ya Stephenie Meyer iondolewe mikononi mwa vijana wetu, eti mapenzi ya binti na mnyonya damu ni mambo ya Kizungu yasiyo na mizizi kwetu. Namkatalia.

Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, alishatuandikia juu ya Mbega: kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, akahesabiwa nuksi, nduguze wakamnyima urithi. Akahama Nguu, akaingia misitu ya Usambara na mbwa wake na uganga wake. Aliyekimbiwa kwao, huku Wasambaa wakamwoza, wakamtawaza huko Vuga. Kijana anayeogopwa na kupendwa hakuzaliwa mwaka 2005, Twilight ilipochapishwa.

Hapa Bungu, Usambara, nimeona nakala moja ya kitabu hicho, jalada limefunikwa gazeti, kurasa zina alama za vidole vyenye masizi ya kibatari. Binti mmoja aliisoma ukungu ukishuka, kamusi magotini. Kosa ninaloliona mimi ni jingine kabisa: Edward, yule mnyonya damu, huingia chumbani mwa Bella, mpenzi wake, usiku, akamtazama amelala, bila ruhusa yake. Hilo tulilijadili na binti yule saa nzima. Kitabu kikishaondolewa, tutalijadili wapi?